Wasomaji Wauliza: Mabinti wa Visiwani na Masomo ya Ng'ambo

Katika toleo lililopita tuliandika juu ya wasichana wa Afghanistan waliofungiwa milango ya shule na utawala wa Taliban, na barua zilizotufikia kutoka Lamu na visiwa vyake zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Wengi walioandika hawakukaa sana Kabul. Baada ya mistari miwili mitatu walirudi nyumbani, kwenye karo, boti, posa na ulezi. Tumechagua barua tano, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Swali: Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mvuvi wa kisiwa cha Pate, baba wa watoto watano. Binti yangu wa pili amemaliza Gredi ya 9 na amepangiwa shule ya bweni upande wa bara. Mama yangu mzazi hataki kusikia. Asema mtoto wa kike akishavuka maji hatutajua yuko na nani. Tena kuna posa imeletwa na watu wa heshima, na mtoto ana miaka 15. Fedha nazo ni za kubahatisha, kwani upepo wa kusi ukichacha hatuendi baharini. Nifanyeje? — Baba wa Kizingitini

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Tuanze na posa, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda binti yako dhidi ya ndoa ya mapema hata kama wewe, mama yako na waposaji mmeridhiana. Waambie watu hao kwamba mtoto yuko masomoni. Kama heshima yao ni ya kweli watangoja, na wasipongoja utakuwa umeepushwa na wakwe wasiokufaa.

La mama yako ni zito zaidi, nami simlaumu. Mtu aliyelea mabinti kisiwani, ambako kila mmoja anamjua mtoto wa mwenziwe, ana haki ya kuuliza ni nani atakayempokea mjukuu wake akishuka gatini. Zamani swali hilo lilikuja mapema, mtoto alipomaliza darasa la nane. Tangu 2023, Gredi ya 7 hadi ya 9 zimewekwa katika shule za msingi, hivyo binti hukaa na wazazi wake mwaka mmoja zaidi. Naliona hilo kuwa jema, lakini limeisogeza siku ya kuagana hadi umri ule ule ambao posa huanza kubisha hodi. Kwa hiyo binti wa visiwani huachia masomo hasa kati ya Gredi ya 9 na ya 10. Sheria haijamzuia, mwalimu hajamfukuza, mzazi hajasema hapana. Anabaki tu nyumbani muhula wa kwanza kwa kuwa fedha hazijatimia, na ufikapo muhula wa pili watu wameshamzoea jikoni.

Shida ya umbali si ya Lamu peke yake. Katika jimbo la Bihar, nchini India, wasichana wengi wa vijijini walikuwa wakikomea darasa la nane kwa sababu shule ya sekondari ilikuwa mbali na njia yake ikiogopwa. Mwaka 2006 serikali ya jimbo hilo ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununulia baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipopima matokeo, waliona kwamba uandikishaji wa wasichana katika sekondari ulipanda kwa asilimia 32, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka katika vijiji vilivyo zaidi ya kilomita tatu kutoka shuleni. Baiskeli haivuki bahari, najua, lakini liko jambo moja katika habari hiyo linalotuhusu: wasichana walikwenda kwa makundi, na barabara aliyokuwa akiiogopa mmoja ikawa ya kawaida kwa kumi. Basi usimpeleke binti yako peke yake. Uliza shuleni kwake ni wenzake wangapi wa Kizingitini, Faza, Siyu na Mbwajumwali waliopangiwa shule hiyo hiyo au iliyo jirani nayo. Kisha nyinyi wazazi mkubaliane siku moja, boti moja na mtu mzima mmoja, ikiwezekana mama wa mmoja wao, atakayewafikisha hadi langoni mwa shule na kurudi na nambari ya simu ya matroni. Nambari hiyo mpe mama yako kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote, na muhula ukianza awe yeye wa kwanza kupiga.

Kuhusu fedha, Bangladesh ilijaribu njia ambayo inafaa kuijua. Kuanzia 1994 serikali ya huko iliwalipa posho wasichana wa sekondari katika maeneo yote ya mashambani, kwa masharti matatu: ahudhurie angalau asilimia 75 ya siku za masomo, apate angalau asilimia 45 katika mitihani, na asiolewe. Madarasa yalijaa wasichana, hata leo katika sekondari za nchi hiyo wao ni wengi kuliko wavulana. Hata hivyo ndoa za mapema zingali nyingi mno Bangladesh, kwa hiyo posho iliwafikisha darasani bila kuubadili mwenendo wote wa jamii. Kwetu serikali huchangia gharama ya masomo, na bweni pamoja na chakula humwangukia mzazi. Zipo basari za kaunti na za hazina ya eneobunge, lakini fomu zake kwa kawaida hudai barua ya kujiunga na shule, nakala ya kitambulisho cha mzazi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hicho cha mwisho ndicho hukwamisha watu wa visiwani, hivyo kabla ya kuhangaikia karo hakikisha kipo mkononi.

Kisha ije orodha ya shule yenyewe: sanduku la bati, godoro, mashuka, blanketi, ndoo, sare, viatu. Bei ya kimoja kimoja haitishi sana. Kinachovunja moyo ni kwamba vyote hutakiwa siku moja, Januari. Aliye na mtoto wa Gredi ya 8 sasa hivi na aanze kununua msimu huu wa kaskazi, wakati bahari imetulia na samaki wapo. Mwekee binti sodo za muhula mzima pia, kwani ingawa sheria iliyopitishwa mwaka 2017 inaitaka serikali kuwapa wanafunzi wa kike bila malipo, si busara kuutegemea mgao pekee.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Lamu mjini. Darasani kwetu kulizuka mjadala kuhusu makala yenu, na wenzangu kadhaa walisema Taliban wanafuata dini tu. Nilitaka kupinga lakini sikuwa na hoja. Je, ni kweli? — Binti wa Langoni

Jibu: Mwanangu, hoja ya kwanza ihesabu kwa vidole. Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu ina wanachama 57, na katika nchi zote hizo, na kwa hakika katika dunia nzima, ni Afghanistan peke yake inayomkataza msichana kusoma baada ya shule ya msingi kwa sababu tu ni msichana. Taliban waliingia Kabul Agosti 2021. Mwezi uliofuata waliwaita wavulana warudi sekondari, na wasichana hawakutajwa. Tarehe 23 Machi 2022 shule za wasichana zilitangazwa kufunguliwa, watoto wakaenda na mikoba yao, na asubuhi hiyo hiyo wakaambiwa warudi majumbani. Desemba 2022 wanawake wakafungiwa vyuo vikuu. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilisema mwaka 2024 kwamba wasichana wasiopungua milioni 1.4 wamenyimwa sekondari tangu 2021.

Hoja ya pili watakuelewa hata wasiopenda takwimu. Vyuo vikuu vilipofungwa, Sheikh Mkuu wa al-Azhar, chuo cha Kiislamu cha Misri, Ahmed al-Tayeb, alisema wazi kwamba uamuzi huo unapingana na sharia ya Kiislamu. Hadithi ya kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu umeisoma madrasa, na haikubagua. Desemba 2024 wanawake walizuiwa hata mafunzo ya uuguzi na ukunga, katika nchi ambayo sehemu zake nyingine daktari mwanamume haruhusiwi kumtibu mwanamke. Hapo hoja ya stara inajipinga yenyewe: mwanamke asitibiwe na mwanamume, na mwanamke mwenziwe asifundishwe kutibu. Waulize wenzako nani atamzalisha.

Ukipenda ongeza hoja ya tatu, kwamba kumweka msichana nyuma hakukuanzia kwa Waislamu. Chuo kikuu cha Oxford kilianza kuwapa wanawake shahada mwaka 1920, na Cambridge kilingoja hadi 1948. Hapa Kenya, shule ya sekondari ya Alliance ya wavulana ilifunguliwa 1926, ya wasichana 1948, miaka 22 baadaye, na waanzilishi walikuwa wamishonari. Kwa upande mwingine, Saudi Arabia ilipoanzisha shule za serikali za wasichana mwaka 1960, wazee wa mji wa Buraydah walipinga vikali. Leo wanawake wa nchi hiyo wamejaa vyuo vikuu na dini yao ni ile ile.

Swali: Nina miaka 17, nilijifungua mwaka jana nikiwa kidato cha pili. Mama yuko tayari kunilelea mtoto lakini naogopa shule itanikataa. Nina haki ya kurudi? — Msomaji wa Mokowe

Jibu: Unayo, mwanangu, na si hisani ya mtu. Sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua ipo Kenya tangu 1994, na mwongozo wa kitaifa wa 2020 ulieleza kwamba mwanafunzi mjamzito aruhusiwe kubaki darasani kadiri hali yake inavyomruhusu, na baada ya kujifungua arudishwe, katika shule yake au nyingine akipenda. Nenda na mama yako kwa mwalimu mkuu, na mkizungushwa mwende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Nchi nyingine za Afrika zilichelewa: Tanzania iliondoa katazo la wanafunzi waliojifungua mwezi Novemba 2021, na Sierra Leone iliondoa lake Machi 2020, baada ya mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi kulihukumu kuwa la ubaguzi. Kama hutaki kukaa darasa moja na wanaokujua, kuhama si aibu. Ila usiuache mwaka mwingine upite ukiwa unawaza.

Swali: Kila siku ni wasichana, wasichana. Mbona wavulana wa Lamu wanaoacha shule kwenda kuvua na kukata mikoko hamwaandikii? — Kijana wa Matondoni

Jibu: Lawama yako ina ukweli. UNESCO ilikadiria mwaka 2023 kwamba watoto na vijana milioni 250 duniani hawako shuleni, na kati yao wasichana ni milioni 122, maana yake wavulana ni wengi kidogo. Nchini Lesotho wavulana wamekuwa wakiachia masomo kwa sababu ya kuchunga mifugo, kama hapa wanavyovutwa na jarife na fedha ya siku hiyo. Tofauti iko katika kinachofuata. Mvulana akiacha shule anaweza kurudia baharini akapata riziki yake mwenyewe, ingawa ndogo. Msichana mara nyingi hupita moja kwa moja katika nyumba ya mwingine. Tutawaandikia, na wewe tuletee barua ya mvuvi mwenzako aliyeacha akatamani kurudi.

Swali: Mwanangu mhariri, mimi ni bibi wa miaka 63. Msahafu nasoma, na Kiswahili kwa hati za Kiarabu naandika tangu udogo, lakini zile herufi za Kizungu sikufunzwa. Ujumbe wa M-Pesa nasomewa na mjukuu, na siku nyingine fedha hupungua kabla sijazijua. Nimechelewa? — Bibi wa Mkomani

Jibu: Shikamoo, bibi. Hukuchelewa, tena usikubali mtu akuite asiyejua kusoma. Kwa mwaka 2023 UNESCO ilihesabu watu wazima wapatao milioni 754 wasiojua kusoma na kuandika, karibu theluthi mbili yao wanawake, na sijui ni wangapi kama wewe wametiwa katika hesabu hiyo kwa kuwa tu hawaandiki kutoka kushoto. Katika visiwa hivi hivi Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utenzi mrefu katikati ya karne ya 19, kwa hati hizo hizo zako, wakati ambapo vyuo vikuu nilivyovitaja juu havikuwa vikimpa mwanamke shahada.

Kwa umri, mfano ninao. Priscilla Sitienei wa Ndalat, huko Nandi, aliyekuwa mkunga na ambaye watu walimwita Gogo, aliingia shule ya msingi akiwa na zaidi ya miaka 85 na kusoma pamoja na vitukuu vyake. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi. Wewe una wepesi ambao yeye hakuwa nao, kwani mkono wako tayari umezoea kalamu na jicho limezoea mstari. Uliza katika ofisi ya elimu ya watu wazima ya kaunti kuhusu darasa la gumbaru lililo karibu na Mkomani, na kama wanawake wa mtaa ni watano au sita wanaotaka, ombeni lifanyike alasiri baada ya swala. Mwalimu atataka kuanza na a, e, i, o, u; mwambie uanze na ujumbe wa M-Pesa, tarakimu kwanza, halafu jina la aliyetuma, halafu salio. Na mpaka hapo badilisha nambari ya siri ya simu, ibaki kwako peke yako.