Redio ya valvu inakwaruza? Usikimbilie kununua EL84

Nyie mnaoanza kushika hizi redio za zamani, Philips za miaka ya 1950 na 60 ambazo bado zipo majumbani kwa wazee, kuna ugonjwa mmoja mtakutana nao mpaka muuchoke: redio inawaka, inapiga vizuri kidogo, halafu sauti inaanza kukwaruza, transfoma inapata moto na valvu ya mwisho, ile inayosukuma spika, mara nyingi EL84, inakuwa nyekundu. Wekundu ninaosema sio wa filamenti pale katikati, ule ni kawaida, we tazama bati la kijivu linaloizunguka, hilo likiwa jekundu chomoa waya ukutani haraka maana transfoma ya spika ikiungua kuipata ya kwake ni kazi.

Hapo wengi wanasema valvu imekufa. Mara nyingi wala sio yenyewe. Mchawi ni kile kikapasita cha karatasi kinacholeta sauti kutoka valvu iliyo kabla yake, kazi yake kupitisha sauti na kuzuia DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu), sasa karatasi ikinyonya unyevu (na huku kwetu pwani ndo usiseme) DC inavuja, inaingia kwenye gridi (mlango wa sauti unaotawala karenti ya valvu) na EL84 inavuta karenti bila breki.

Ukikitesti kwa mita upande wa ohm kitakwambia kizima, usikiamini, mita inatumia volti chache na kile kinavuja kikipata kama volti 100. Ipime redio ikiwa inawaka: waya mweusi kwenye chasi (bati la chuma linalobeba vifaa vyote), mwekundu pini namba 2 ya EL84, ndio gridi. Inatakiwa sifuri au karibu na hapo. Ukikuta hata volti 1 chanya, zima, fungua mguu mmoja wa kapasita, washa upime tena. Volti ikipotea ni kapasita, ikibaki ndo valvu yenyewe ina gesi ndani, hapo sasa kanunue.

Kabla ya yote hayo lakini, usalama. Mle ndani kuna volti 250 na zaidi, na zinabaki kwenye kapasita kubwa hata ukichomoa, zitoe kwa rezista, sio kwa bisibisi mnavyopenda kurusha cheche. Unapopima mkono mmoja uwe mfukoni. Na redio zenye valvu za U, kina UL84 na UCH81, chasi yake imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, kama huna transfoma ya kutenganisha ziache kwanza jamani.

Kapasita mpya weka ya plastiki ya volti 630, thamani ileile: ikiandikwa 103 ni nanofaradi 10, 223 ni 22. Haina chanya wala hasi. Ukiwasha mara ya kwanza unga balbu ya zamani ya wati 60 kwa siriizi na redio, LED haifai hapa, ikiwaka kali muda wote bado kuna shoti.

Halafu pima pini namba 3 ya EL84, ndio kathodi, karenti ya valvu inapita hapo, kwenye redio nyingi iliyo sawa utakuta volti 7 hivi. Na ile kapasita ndogo ya elektroliti iliyoungwa hapo ibadilishe tu, ishapigwa volti zaidi ya uwezo wake.