Subjuntivo ya Kihispania: anza na "msishuke"

Mkuu, umeuliza lini useme "viene" (anakuja) na lini "venga" (aje), yaani lini utumie subjuntivo, umbo la kitenzi la ombi, nia na mashaka, na umesema kwamba ile orodha ya vitenzi mliyopewa darasani haikai kichwani. Mimi natembeza watalii huku Arusha, na Kihispania changu kingi nimekiokota garini. Orodha iweke kando kwanza, kwa sababu jambo lenyewe unalo tayari kwenye Kiswahili.

Siku moja Serengeti, simba wamelala karibu na gari, nikawaambia wageni wangu kutoka Mexico: "No bajan del carro." Nilitaka kusema msishuke. Kumbe nimesema hamshuki. Wakatazamana, hadi mama mmoja aliponirekebisha taratibu: "No bajen." Irabu moja tu.

Sasa sikiliza Kiswahili: hamshuki, msishuke. Irabu ya mwisho ndiyo inayobeba ombi, na Kihispania ni hivyohivyo. Vitenzi vinavyoishia na -ar vinachukua e (habla, anaongea, hable, aongee), vya -er na -ir vinachukua a (come, anakula, coma, ale; vive, anaishi, viva, aishi). Shina lichukue kwenye umbo la "yo" (mimi): tengo (nina) inatoa tenga, digo (nasema) inatoa diga. Vilivyo vikaidi ni vya kukariri tu: sea, esté, vaya, haya, sepa, dé.

Basi popote ambapo ungesema uje, aje, waje, kwa kuwa mtu anataka, anaomba au ni lazima, weka subjuntivo. Nataka uje: quiero que vengas. Ili uone: para que veas. Ni lazima aende: es necesario que vaya. Na anayetaka akiwa ndiye huyohuyo anayekwenda, lugha zote mbili zinakiacha kitenzi bila kukigeuza: nataka kwenda, quiero ir. Hata ojalá, neno lenye asili ya Kiarabu kama inshallah yetu, linafuata njia hiyo: ojalá llueva, mvua na inyeshe.

Pa kutolea jasho ni pale Kiswahili kinapokuacha njiani. "Nikifika" yetu inabeba mambo mawili. "Cuando llego al campamento, me baño" ni mazoea, kila nikifika kambini naoga. "Cuando llegue, te llamo", nikifika nitakupigia simu, ni safari ambayo bado sijafika, kwa hiyo subjuntivo. Vilevile "guide anayeongea Kihispania": conozco a un guía que habla español, namjua, yupo; lakini busco un guía que hable español, bado namtafuta, huenda hata hayupo. Na ukikana wazo, kitenzi kinageuka: creo que viene, nadhani anakuja; no creo que venga, sidhani kama anakuja.

Mimi hujiuliza: jambo hili lipo, au bado liko kwenye nia na mashaka? Kipimo hicho kimenifikisha mbali, ila kwenye hisia kinagoma. "Me alegro de que estés aquí", nafurahi kwamba upo hapa: upo mbele yangu, nakuona, na bado ni estés. Furaha, huzuni, hofu, mshangao, hizo zipe subjuntivo bila kuuliza.