Ukitazama Tamthilia ya Wacheza Poka, Zitazame Karata Zinazotupwa

Nilijifunza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana pesa, kwa kutazama tamthilia, na kosa hilo liliniondolea akiba ya miezi minane. Tamthilia yenyewe ni Tilt, iliyoonyeshwa na kituo cha televisheni cha ESPN nchini Marekani mwanzoni mwa mwaka 2005, ikaishia kwenye vipindi 9 bila kupata msimu wa pili. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ameanza kuitazama, au anatazama nyingine ya aina yake, na ambaye tayari mikono inamwasha. Simkatazi kuitazama. Mimi mwenyewe nimeirudia mara tatu, na ninaipenda zaidi sasa kuliko wakati ule nilipoamini kila ilichonionyesha.

Kisa kiko Las Vegas. Don Everest, anayejulikana kwa jina la Matador na kuigizwa na Michael Madsen, ni mkongwe wa meza za dau kubwa ambaye sifa zake zimesimama juu ya hila, kwa kuwa hushirikiana kwa siri na watu walioketi naye meza moja. Vijana aliowadhulumu wanaungana ili wamwangushe. Waandishi wake, Brian Koppelman na David Levien, walikuwa wamekwisha kuandika filamu ya Rounders ya mwaka 1998, na inaonekana wazi kwamba lugha ya mezani waliijua vizuri. Nadhani ndiyo sababu tamthilia hii ni hatari zaidi kwa mtazamaji mgeni kuliko ile iliyoandikwa na mtu asiyejua mchezo: maneno ni ya kweli, woga ni wa kweli, na kwa hiyo mtu huona kwamba na hesabu nayo ni ya kweli.

Wakati ilipotoka nao uliisaidia kuaminika. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, alipata nafasi katika shindano kuu la World Series of Poker kupitia shindano dogo la intaneti aliloliingia kwa dola 86, akawashinda washiriki wengine na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka huo washiriki walikuwa 839; mwaka uliofuata walifika 2,576. Watu wengi waliona kwamba kati yao na meza ile hakuna ukuta wowote. Mimi nilichelewa kwa miaka kadhaa kuitazama Tilt, lakini niliiingia na imani hiyohiyo.

Jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema ni kwamba skrini haikuonyeshi karata zinazotupwa, yaani zile ambazo mchezaji huzirudisha na kujitoa katika duru inayochezwa. Katika Texas Hold'em, aina ya poka inayochezwa zaidi katika tamthilia hizi, kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, kisha karata 5 huwekwa wazi katikati kwa matumizi ya wote. Karata 2 za kwanza zinaweza kuja kwa michanganyiko 1,326, na ni 6 tu kati ya hiyo ambayo ni jozi ya ree. Yaani utaipata jozi hiyo, kwa wastani, mara 1 katika kila duru 221. Meza ya kasino yenye mgawaji mzoefu hucheza takribani duru 30 kwa saa, kwa hiyo unaweza kuketi saa saba na zaidi ukiingoja, na ukiisha kuipata, huenda wenzako wote wakatupa zao na usipate chochote cha maana. Muda huo wote mchezaji makini anafanya kazi moja inayochosha, ambayo hakuna mwongozaji atakayeipigia kamera: anapokea karata mbovu na kuzirudisha, tena na tena, bila kinyongo.

Tamthilia haiwezi kukuonyesha saa hizo saba, wala siilaumu. Inachagua ile duru moja ambamo watu wawili wote wana karata kali na pesa zote ziko katikati ya meza. Lakini mtu akitazama duru za namna hiyo kwa vipindi 9 mfululizo, akili yake hujenga mazoea. Nilipoketi mezani kwa mara ya kwanza niliona aibu kutupa karata. Niliona kana kwamba kutupa ni kushindwa, nikacheza karibu kila nilichopewa, na usiku ule nikaliwa kila nilichokuwa nacho kabla wenzangu hawajamaliza kuzoea viti.

Hata karata nzuri hazikulindi kama inavyoonekana. Jozi ya ree ikikutana na jozi ya wafalme, na pesa zote zikawekwa kabla ya karata za wazi kufunguliwa, ree hushinda kwa takribani asilimia 82. Ni nyingi mno, na bado maana yake ni kwamba utapoteza karibu mara 1 katika kila 5 ukiwa hukufanya kosa lolote. Katika hadithi, kupoteza kwa namna hiyo huwa na sababu: hila, kisasi, au adhabu ya kiburi. Mezani hakuna sababu. Kutokuwapo kwa sababu ndiko kulikonivunja, kwa kuwa nilitafuta mkosaji, na nilipomkosa nikataka kulipwa usiku uleule.

Hapo ndipo jina la tamthilia lilipoanza kunihusu. Neno hilo lilitoka kwenye mashine za michezo zenye kijimpira cha chuma: mchezaji akiitikisa au kuiinamisha mashine ili aupeleke mpira anakotaka, mashine hujifunga, huandika neno hilo kwenye taa zake, na mchezo unakufa. Wacheza poka walilichukua wakamwitia mtu ambaye hasira au uchungu umemtoa katika akili yake ya kawaida, ingawa mikono bado inacheza. Nilidhani ni jambo linalowapata watu wenye hasira za wazi. Mimi nilikuwa mtulivu kabisa. Niliongea kwa upole, nilitabasamu, na nilikuwa nikipandisha dau kwa karata ambazo saa mbili kabla ningezitupa bila kuziangalia mara ya pili.

Kilichonisaidia ni daftari. Niliandika saa ya kuketi, saa ya kuinuka, na kila duru kubwa pamoja na sababu iliyonifanya niweke pesa, na niliiandika sababu hiyo kabla ya kulala, kwa maana asubuhi mtu huwa amekwisha kujitungia sababu nzuri zaidi. Baada ya majuma machache niliona kwamba sehemu kubwa ya pesa nilizopoteza iliondoka katika saa moja inayofuata pigo kubwa la kwanza. Tangu siku hiyo nilijiwekea sharti la kuinuka baada ya pigo hilo, niwe sawa au nisiwe sawa, kwa sababu mwenye kuamua kama yuko sawa ni yuleyule aliyeumia. Ukitaka kucheza, ushauri wangu mzito kuliko wote ni huo, nao hauhitaji ujuzi wowote wa karata.

Kuna kanuni nyingine ambayo hadithi hupenda kuivunja. Mara nyingi utaona mchezaji aliyebanwa akivua saa yake, au akitupa hati ya nyumba katikati ya meza ili aweze kuendelea. Katika kasino, jambo hilo haliruhusiwi. Unacheza kwa kile kilichokuwa mezani mbele yako duru ilipoanza. Kikiisha, umeweka vyote, na wanaoendelea kushindana hufanya hivyo katika fungu la pesa la pembeni usilokuwa na haki nalo. Hakuna anayeweza kukutoa kwa kutaja kiasi usichonacho, wala wewe huwezi kuongeza kutoka mfukoni katikati ya duru. Nilipoijua kanuni hii mwanzoni niliona inaondoa msisimko. Kisha nikacheza katika nyumba ambamo mwenyeji aliruhusu watu kukopa duru ikiendelea, na hapo ndipo akiba yangu ilipoishia, na deni likaanzia. Kabla hujaketi popote, uliza swali hilo moja. Jibu likiwa kwamba mkopo unaruhusiwa, rudi kwako.

Kuhusu kusoma nyuso nitasema machache. Tamthilia huishi kwa nyuso, na Madsen alikuwa na uso uliostahili kutazamwa, lakini mimi nilipoteza muda mwingi nikitafuta geresha machoni mwa watu ambao walikuwa wamechoka tu. Ukubwa wa dau, wakati lilipowekwa, na jinsi mtu alivyocheza duru zilizotangulia vilinifunza mengi zaidi ya kope na midomo.

Njama ya Matador ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha, na nisingependa mtazamaji aidhanie kuwa chumvi ya mwandishi. Washirika wawili hawahitaji karata zilizowekwa alama. Inatosha mmoja apandishe dau, mwingine alipandishe tena, na wewe uliye katikati ulipe mara mbili au ukimbie; ukishakimbia, mmoja wao anatupa karata zake kimya. Kasino ina kamera juu ya kila meza na watu wanaolipwa kuzitazama, ilhali nyumba ya mtu haina. Niliwahi kuwaona wawili ambao hawakupandishiana dau hata mara moja walipobaki peke yao, usiku kucha. Sikuwa na ushahidi wa kumwonyesha mtu yeyote. Vijana wa kwenye tamthilia hubaki ili walipize, na hilo ndilo linaloifanya hadithi isonge. Mimi nilisema nimechoka, nikachukua kilichobaki, na sikurudi.

Deni nilimweleza dada yangu, ambaye alikaa na kadi yangu ya benki mpaka nilipomaliza kulilipa. Ikiwa umefika hapo, usitafute duru ya kurudisha pesa; tafuta mtu wa kumwambia, tena leo, ukiwa bado unaona haya kidogo, kwa sababu haya hiyo huongezeka kila unapokaa kimya.

Mara ya tatu nilipoitazama Tilt nilikuwa na dada huyohuyo, ambaye hajui poka. Kila pesa zilipojaa katikati ya meza, yeye hakuzitazama. Aliwatazama waliokwisha kutupa karata zao, wameegemea viti, hawahusiki tena na duru ile, akaniuliza kwa nini hakuna anayetusimulia habari zao. Tulirudisha nyuma onyesho moja na kulianza upya tukiwatazama wao peke yao.