Hati ninayo, kwa nini nakatazwa kujenga karakana?

SWALI: Nilinunua kiwanja ili nijenge karakana ya kuchomelea vyuma. Hati imetoka kwa jina langu na sina mgogoro na mtu. Nilipoomba kibali cha ujenzi nikajibiwa kwamba eneo lile ni la makazi tu. Dalali aliyenipatia kiwanja anasema mwenye hati hapangiwi: nijenge kwanza, kibali kitafuata, na wakinisumbua nidai fidia, maana bila karakana kiwanja hakifikii hata nusu ya bei niliyotoa. Nifanyeje?

JIBU: Usijenge. Kama msingi umeshaanza kuchimbwa, simamisha mafundi leo hii.

Wiki haipiti bila mtu kuniletea hati ndani ya bahasha ya plastiki, akaitandaza mezani na kugonga kidole kwenye jina lake: "Si mimi huyu?" Ni wewe, ndugu yangu, jina sibishani nalo. Lakini ofisi ya mipango miji haikukuuliza kiwanja ni cha nani. Imekuuliza utakifanyia nini. Hati inajibu swali la kwanza. La pili linajibiwa na mpango wa matumizi ya ardhi, na mara nyingi pia na masharti yaliyoandikwa kwenye hati hiyohiyo, kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo. Nikimfungulia mtu kurasa hizo huwa ananyamaza kwanza. Kumbe ndiyo mara ya kwanza anaziona.

Dalali wako na wenzake wanapenda kusema kwamba kupangiwa ni uonevu wa serikali za siku hizi. Mwaka 1610, huko Uingereza, bwana mmoja aitwaye William Aldred alimshtaki jirani yake kwa kujenga banda la nguruwe karibu na nyumba yake. Jirani akajitetea kwamba mtu hapaswi kuwa na pua laini kiasi cha kushindwa kuvumilia harufu ya nguruwe. Alishindwa kesi, na hapakuwa na ramani ya mipango miji hata moja. Weka grinda mahali pa nguruwe na kelele mahali pa harufu, uone kesi hiyo inakuhusu vipi.

Sasa hilo la fidia, maana hapa ndipo watu wanapoponzwa kweli. Watu huchanganya kutwaliwa ardhi na kuwekewa masharti ya kuitumia. Serikali ikikichukua kiwanja chako ipitishe barabara, unadai fidia. Ikikiacha mikononi mwako ila ikakukataza karakana, hilo ni jambo jingine, na kushuka kwa bei peke yake kwa kawaida hakukupi dai. Marekani, nchi inayosifiwa kwa kulinda mali ya mtu binafsi, ililiamua jambo hili mwaka 1926. Kampuni ya Ambler Realty ilikuwa na ekari 68 katika kijiji cha Euclid, Ohio. Ililalamika kwamba ardhi yake ingeuzika kwa dola 10,000 kwa ekari kama ya viwanda, lakini kwa masharti ya makazi haizidi dola 2,500. Robo ya bei! Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaunga mkono kijiji.

Kuna mpaka, sikatai. Mwaka 1992 mahakama hiyohiyo ilimsikiliza David Lucas, aliyenunua viwanja viwili ufukweni South Carolina kwa dola 975,000, kisha ikapitishwa sheria iliyomzuia kujenga nyumba yoyote ya kudumu. Ikasema: sharti likimnyima mtu thamani yote ya ardhi yake, kwa kawaida fidia ni lazima. Thamani yote, sikia vizuri. Wewe nyumba ya kuishi au ya kupangisha unaruhusiwa. Huyo dalali akikutajia Lucas, mwambie akusimulie na Euclid.

Ulichonacho ni hiki. Omba majibu ya kukataliwa kwa maandishi, yenye sababu, na uangalie tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, kwa kuwa huwa ni fupi. Uliza pia kama eneo lako linaruhusiwa kuombewa mabadiliko ya matumizi. Majirani watasikilizwa, kwa hiyo nenda na mpango wa kuzuia kelele na saa za kazi zinazoeleweka. Ikishindikana, uza, utafute eneo la viwanda vidogo.

Ila hiyo "jenga kwanza" imenichosha. Nimeona kuta zilizopandishwa kwa siku mbili za mapumziko ili ofisi ikifunguliwa ikute paa. Nimeona vyuma chakavu vilivyorundikwa kiwanjani ili mtu aape kwamba karakana ilikuwapo kabla ya mpango, kumbe nyasi chini yake bado mbichi. Notisi ikishatolewa, kila tofali unaloongeza unaliongeza ukijua, na ndivyo litakavyosomwa kwenye rufaa. Gharama za kubomoa nazo, sehemu nyingi, hudaiwa mwenye kiwanja. Anayekushauri ujenge, mpe karatasi aandike kwamba atazilipa yeye, aweke sahihi, ndipo mwendelee na mazungumzo.

Na kwa wengine mnaotaka kununua: ramani ya matumizi iko ofisini na kuiangalia ni kazi ya asubuhi moja. Nendeni kabla ya kutoa malipo ya awali.