Fedha ya kununua shamba si fedha ya kuwa na shamba: niliyoyaona nikiwa mwombaji wa ruzuku, kisha nikiwa msomaji wa maandiko ya maombi

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Kuna mzee ana shamba kubwa, watoto wake hawalitaki, na mtu wa viwanja ameshaanza kumzungukia. Ninyi, kikundi cha watu ishirini na kitu, mnataka lisikatwe vipande, libaki linalimwa na mazao yaliwe na watu wa karibu. Umeuliza mumwandikie mfadhili gani na andiko la kuomba ruzuku liweje.

Nimekuwa mtunza hazina wa kikundi kama chenu kwa miaka sita. Baadaye nikaalikwa kwenye kamati ya kusoma maandiko ya taasisi moja ndogo ya ufadhili. Kosa nililolifanya upande wa kwanza nililikuta karibu kwenye kila andiko upande wa pili: watu wanaomba fedha ya kununua shamba na hawaombi fedha ya kuwa na shamba.

Sisi ruzuku tuliipata. Tulipiga picha na hati mkononi, tukala, tukacheza. Mwaka wa pili jirani mmoja akasogeza uzio wake ndani kwetu, tukagundua hatuna hata picha moja ya mpaka ulivyokuwa siku ya kwanza, wala fedha ya kumlipa mpima. Kwenye bajeti tuliyoombea, mstari wa utunzaji haukuwepo. Tuliuondoa wenyewe, kwa mikono yetu, ili andiko lionekane "bana matumizi". Mgogoro ule ulikula miezi tisa na urafiki kadhaa.

Kwa hiyo kabla hujatafuta jina la mfadhili, ligawe shamba kichwani. Shamba moja lina mali tatu ndani yake. Kuna ardhi yenyewe. Kuna haki ya kuibadilisha, yaani kukata viwanja na kujenga. Halafu kuna shughuli ya kilimo: zana, ghala, wateja, mtaji wa msimu. Kila moja ina mtu wake wa kuilipia, na watu hao mara nyingi hawajuani. Kwenye taasisi kubwa, dirisha (yaani kitengo cha ufadhili) la mazingira na dirisha la chakula huwa na maofisa tofauti, fomu tofauti na kalenda tofauti. Andiko linalosema "tunahifadhi ardhi na pia tunalisha jamii" humfikia wa mazingira akaliona la kilimo, likamfikia wa chakula akaliona la ununuzi wa ardhi, likarudi. Si kwamba ni baya. Halina mwenyewe tu.

Mfano ninaoupenda ni wa Indian Line, shamba lililoko Massachusetts, Marekani. Lilikuwa miongoni mwa mawili ya kwanza nchini humo, mwaka 1986, kuendeshwa kwa mtindo wa wateja kulipia msimu mapema na kupokea mgao wao wa mboga kila wiki. (Wajapani walikuwa na mtindo unaofanana na huo, teikei, tangu miaka ya 1970.) Mwanzilishi alipofariki mwaka 1997, shamba lingeweza kwenda kwa yeyote mwenye fedha. Mwaka 1999 wakaligawa kama nilivyosema. Amana ya ardhi ya jamii ya eneo hilo, yaani chombo kinachoshika ardhi kwa niaba ya jamii, ikanunua ardhi. Shirika la The Nature Conservancy, ambalo kazi yake ni hifadhi, likanunua zuio la kuendeleza. Wakulima vijana wakanunua nyumba na majengo, kisha wakapewa mkataba wa kupanga ardhi kwa miaka 99. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeombwa kulipia kitu kilicho nje ya kazi yake.

Hilo zuio nilieleze kidogo, maana wengi humu hulichanganya na kutaifisha. Mwenye ardhi anauza au anatoa bure haki ya kujenga na kukata viwanja, na haki hiyo inashikwa na taasisi ya hifadhi. Yeye anabaki na hati yake, analima, anarithisha, hata kuuza anauza, ila zuio linamfuata kila mmiliki ajaye. Thamani yake ni tofauti ya bei ya ardhi kabla na baada ya kulifunga. Marekani, anayelitoa kama sadaka anapata punguzo la kodi, kwa sharti kwamba liwe la milele. Wajanja nao hawakukosa: walijikusanya wakanunua ardhi, wakaipandisha thamani kwenye makaratasi, wakadai punguzo linalozidi mara kadhaa fedha waliyoweka, mpaka mwishoni mwa 2022 sheria ikaweka ukomo wa mara mbili na nusu kwa vikundi vya aina hiyo. Ndiyo maana mfadhili akikudai ripoti ya mthamini huru usimwone msumbufu. Ameshaumwa na nyoka huyo.

Lakini zuio peke yake halilishi mtu, na hapa watu wa mazingira hukasirika nikisema. Ukizuia viwanja, bado tajiri anaweza kulinunua shamba kwa ajili ya farasi wawili na mandhari ya jioni. Zuio halijavunjwa, nyasi zipo, ndege wapo, chakula hakuna. Massachusetts na Vermont waliliona hilo, wakaongeza kifungu: shamba lililozuiwa likitaka kuuzwa kwa mtu asiye mkulima, mshika zuio ana haki ya kulinunua kwanza kwa bei ya kilimo. Kifungu hicho mkiweke hata kama mwanasheria wenu atawaambia ni cha ziada.

Na si kila nchi sheria yake inatambua zuio la namna hii. Lisipotambuliwa, njia iliyobaki ni kushika umiliki wenyewe na kuweka masharti kwenye mkataba wa mpangaji. Ufaransa, shirika la Terre de Liens, lililoanzishwa 2003, linafanya hivyo: wananchi wa kawaida wananunua hisa au wanachangia, fedha inanunua mashamba, mashamba hayauzwi tena, yanapangishwa kwa wakulima wa kilimo hai. Mwenye hisa hategemei faida. Anategemea kupita pale na kukuta bado panalimwa.

Tukija kwenye mkataba wa mpangaji, nina kidonda changu cha pili. Tulimpa mkulima wetu mkataba wa mwaka mmoja mmoja, "tumwangalie kwanza". Tukamlaumu kwamba haweki mboji, hapandi miti ya kukinga upepo, hatengenezi makinga maji. Siku moja akatuuliza kwa upole, mboji ya mwaka huu inafanya kazi mwaka wa tatu, mwaka wa tatu nitakuwa wapi? Hatukuwa na jibu. Ukitaka udongo utunzwe, mpe anayeulima muda mrefu kuliko udongo unavyohitaji kujibu. Pungufu ya miaka kumi, kwa maoni yangu, ni utani. Na uandikwe mapema nani atamlipa thamani ya alichojenga akiondoka.

Sasa fedha ya utunzaji. Hesabu yake nyepesi. Chukua gharama ya mwaka: mtu wa kutembea mpaka mzima na kupiga picha, ripoti, bima, akiba ya mwanasheria. Mkiamua kutumia asilimia 4 tu ya mfuko kwa mwaka ili mtaji usiliwe, mnahitaji kuweka pembeni mara 25 ya gharama hiyo. Kiasi hicho kiingie kwenye bajeti ya ununuzi, siku ileile, mstari wake wenyewe. Amana nyingi za ardhi zilizokomaa huomba mchango wa mfuko huo zinapopokea zuio, hata likiwa zawadi. Nilipokuwa nasoma maandiko, waliouweka mstari huo niliwasoma mpaka mwisho. Wasiokuwa nao nilianza kuwatilia shaka ukurasa wa kwanza.

Kuna jambo la kasi pia. Mwenye shamba anataka jibu ndani ya miezi mitatu, ruzuku inachukua mwaka. Katikati hapo ndipo mtu wa viwanja anapopita. Kinachoziba pengo ni mkopo wa riba nafuu kutoka taasisi ya hisani, au shirika kubwa la hifadhi linunue na kuwashikia mpaka mkusanye. Marekani taasisi binafsi za hisani zinatakiwa kutoa karibu asilimia 5 ya mali zao kwa mwaka, na mkopo wa malengo ya hisani unahesabika humo, kwa hiyo wapo wanaokopesha. Muulize mfadhili swali hilo wazi. Wengi hawalitangazi.

Ila mkopo uwe na tarehe ya kuisha. New Communities ya Georgia ilianzishwa mwaka 1969 na wanaharakati wa haki za weusi, wakashika karibu ekari 5,700, na wengi huihesabu kuwa amana ya kwanza ya ardhi ya jamii Marekani. Ruzuku ya serikali kuu waliyoitegemea ilizuiwa na gavana, wakabaki na deni. Ukame ulipokuja, mikopo ya dharura wakanyimwa na ofisi za serikali, na mwaka 1985 ardhi yote ikaenda. Mwaka 2009 walishinda fidia ya takriban dola milioni 12 kwa ubaguzi wa kunyimwa mikopo ile, wakanunua shamba jingine, dogo zaidi. Ardhi walikuwa nayo tele. Walichokosa ni fedha ya kuvuka misimu mibaya.

Upande wa chakula nitaupitia haraka maana wengine humu wanaujua kuliko mimi. Wafadhili wanapenda vitu vinavyopigika picha: chumba cha baridi, gari, mashine ya kukausha. Sisi tulipewa chumba cha baridi. Umeme wake ulizidi mauzo ya mboga zilizokaa ndani, tukakizima, kikawa stoo ya majembe. Ombeni kwanza mshahara wa mtu mmoja wa kutafuta wateja kwa miaka mitatu: shule, hospitali, migahawa, familia za kulipia msimu. Huyo hapigiki picha vizuri, ndiyo maana ni mgumu kumwombea, ila mauzo yakishakuwepo mtajua chumba cha baridi kiwe cha ukubwa gani, au kama mnakihitaji kabisa.

Umeuliza andiko liweje. Kurasa mbili za andiko dhana (muhtasari wa wazo lenu) kwanza, si thelathini. Simu au barua fupi kwa ofisa kabla ya hizo mbili. Mseme hati itaandikwa kwa jina la nani, na kikundi kikivunjika ardhi inakwenda wapi. Swali hili la pili ndilo lililoangusha maombi mengi mbele ya macho yangu: watu wenye moyo safi, katiba yao inasema mali igawanywe kwa wanachama. Hakuna mfadhili wa hisani atakayenunua ardhi ili siku moja igawanywe kwa wanachama ishirini. Rekebisheni kifungu hicho kabla ya kuandika chochote, iende kwa chombo kingine chenye malengo yaleyale.

Na msimpambe mzee. Kwenye maandiko mengi mwenye shamba anageuzwa malaika anayetoa urithi wake. Kwa kawaida ni mtu mwenye magoti yanayouma anayehitaji fedha ya uzeeni, na hiyo si dhambi. Mwulizeni anahitaji kiasi gani kwa mwezi na kwa muda gani. Sisi yule wetu, tulipomuuliza hatimaye, alitaka kubaki kwenye nyumba yake mpaka afe na kulipwa kwa awamu. Hilo lilipunguza fedha ya kuanzia karibu nusu, na tulikuwa tumeshapoteza mwaka mzima tukimwombea fedha yote kwa mkupuo bila kumuuliza.

Ukishazungumza naye, weka hapa jibu lake na kile kifungu cha katiba yenu, nitakisoma.