Breki za trela hazishiki: anza na ethi

Ndugu, umesema kontrola (kifaa cha kuendesha breki za umeme za trela) kwenye pikapu inaonyesha trela limeunganishwa, ila ukisukuma swichi ya mkono breki hazishiki. Usikimbilie kununua kontrola nyingine. Kwenye plagi ya pini 7, waya wa bluu ndio wa breki, mweupe ni ethi, yaani waya wa kurudisha umeme. Ufuate huo mweupe mpaka kwenye chasisi. Kwenye trela langu nilikuta bolti ya ethi imeliwa na kutu, nikaipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, breki zikarudi palepale. Ethi ikiwa nzima, pima ampea kwenye bluu mwenzako akiwa ameshikilia swichi. Ekseli mbili zina sumaku 4 za breki, moja kila gurudumu, na kila moja hula kama ampea 3, jumla 12. Ukipata 6, sumaku mbili hazipati umeme. Ukipata 12 na bado hazishiki, fungua ngoma ya gurudumu uangalie breki shu, zile zinazobana ngoma kwa ndani. Tafadhali usivute mzigo kabla hazijashika.