Ukienda Kupiga Picha Mwanjelwa Jioni

Mdogo wangu uliyenunua kamera juzi na sasa unataka kuingia nayo Mwanjelwa, sokoni kwetu hapa Mbeya, lile begi kubwa liache nyumbani. Chukua kamera moja, lenzi moja ya milimita 35, na betri ya akiba iweke mfuko wa ndani wa jaketi. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi ya jioni inakula chaji, na betri iliyokaa kifuani inadumu kuliko iliyoganda kwenye begi.

Fika saa kumi na moja na nusu. Waliozoea Dar wanakosea mahesabu hapa, maana sisi tuko magharibi zaidi na jua letu linazama baada ya lao kwa dakika 20 na ushee. Desemba linafika saa moja, kama mawingu yamekuruhusu kuliona. Agosti mpaka Oktoba ndiyo raha: vumbi la barabara kuu ya kwenda Tunduma linageuka dhahabu, bajaji zinatoka humo kama zinaogelea. Jua likishazama una dakika 20 tu, halafu ni giza.

Sasa usizunguke. Miezi yangu ya kwanza nilikuwa natembea Kabwe mpaka sokoni, narudi, naenda tena. Nikifika nyumbani nina picha mia tatu za migongo ya watu. Siku hizi natafuta mwanga mmoja, labda jiko la mahindi ya kuchoma au kabati la vioo la muuza chipsi, nasimama hapo nusu saa. Mwanzoni kila mtu anakutazama. Konda atapiga kelele, "Mwandishi, nipige mimi!" Mpige, tena mwonyeshe. Akishacheka anarudi kuita abiria wake, anasahau kama upo, na hapo ndipo kazi inaanza.

Kuna tatizo la taa ambalo lilinisumbua sana. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukiweka shata, yaani muda wa kamera kufumbua jicho, 1/500 ya sekunde unaweza kupata picha yenye mistari ya giza. Shusha mpaka 1/100, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hata 3200, chengachenga zitakazotokea kwenye picha zivumilie. Fleshi usiwashe kabisa, utamkera mtu na utaua mwanga uliokuvuta pale. Ukipita karibu na polisi au benki, kamera mfukoni.

La adabu nililipia mwenyewe. Nilimpiga mama mmoja muuza ndizi kutoka ng'ambo ya mtaro, bila salamu. Akavuta kitenge usoni, akanifuata. "Picha yangu unampelekea nani?" Nikababaika, nikasema ni ya kujifunza tu. "Basi ifute, nione." Nikafuta. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mama yule alikuwa ameshaniambia yanayonihusu bila kuitaja.

Kesho yake nilirudi mikono mitupu. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba kwa shingo upande, nikanunua ndizi, nikaondoka. Jioni ya nne yeye ndiye aliyeuliza, "Mwanangu, kile kidude chako leo kiko wapi?"

Picha niliyompiga baadaye niliisafisha studio, nikampelekea. Aliishika chini ya taa, akaitazama muda mrefu, akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, halafu akanirudishia macho. "Umenipiga mimi. Ndizi ziko wapi?"

Kweli zilikuwa gizani zote. Jioni iliyofuata nilisogea hatua mbili kulia, taa ikaangukia mkungu.